Gitaa la Umeme Halitoi Sauti Unayotaka? Pima Pikapu Ilipokaa Kabla ya Kununua Nyingine

Anayeniletea gitaa la umeme mara nyingi huja na hukumu tayari: "Fundi, pikapu imekufa, nitafutie nyingine." Nalichomeka kwenye amplifaya, nagonga nyuzi sita mmoja baada ya mwingine, na pikapu, kile kifaa chenye sumaku kinachosikiliza nyuzi, ni nzima kabisa. Ama ni kasoro ya milimita moja au mbili ambayo bisibisi ingeimaliza, ama hakuna kasoro yoyote, ndivyo gitaa lile lilivyochimbwa. Inaniuma kumwona kijana wa bendi akitoa akiba yake kununua pikapu mpya, anazifunga palepale, kwa kimo kilekile, kisha anarudi na malalamiko yaleyale.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, jiulize: hili ni tatizo la tundu au ni la skrubu? Tundu ni mahali pikapu ilipochimbiwa kwenye ubao, yaani umbali wake kutoka darajani (pale nyuzi zinapokalia kwenye mwili wa gitaa) na mshazari iliolazwa. Hapo hubadilishi kitu bila patasi. Skrubu ni kimo cha pikapu chini ya nyuzi na jinsi inavyoinama huku au kule, na hiyo ni kazi ya dakika kumi. Tatizo la tundu unalizoea, unalizunguka kwa mkono wako wa kupigia, au unatafuta gitaa jingine. Ukichanganya haya mawili utapoteza fedha.

Mfano wangu utakuwa Stratocaster, gitaa ambalo kampuni ya Fender walilitoa mwaka 1954 huko California, kwa sababu magitaa mengi ya bei nafuu tunayoyashika yameiga vipimo vyake. Uzi wake una milimita 648 kutoka kizingiti cha kichwani hadi darajani, na vitovu vya pikapu zake tatu viko takriban milimita 41, 98 na 162 kutoka darajani. Chukua rula upime lako.

Pikapu inasikia nini hasa

Uzi ukipigwa hautikisiki kwa namna moja. Unatikisika mzima, na papo hapo unatikisika kwa nusu, kwa theluthi, kwa robo, na kuendelea. Mtikisiko mzima ndio noti yenyewe, noti msingi. Vile vipande vidogo ndivyo vinavyotoa sauti za juu zinazoipa noti ung'avu wake, nazo huitwa hamoniki. Kila hamoniki ina mafundo yake, yaani sehemu za uzi ambazo zimetulia huku sehemu nyingine zikicheza. Pikapu nayo haiusikii uzi wote. Inasikia kile kipande kilicho juu ya sumaku zake tu. Fundo likiangukia hapo, pikapu ni kiziwi kwa hamoniki hiyo.

Usiniamini kwa maneno. Gusa uzi wa A juu kabisa ya chuma cha freti ya 5 (freti ni vile vyuma vinavyoikata shingo) bila kuukandamiza, upige, kisha inua kidole. Utasikia mlio mwembamba kama kengele, ambao ni hamoniki ya nne. Kwa pikapu ya darajani uko wazi. Geuza swichi kwenye pikapu ya shingoni, rudia, na mlio utafifia sana. Sababu ni hesabu ya shule ya msingi: milimita 162 ni robo ya 648, na kwenye robo ya uzi ndiko fundo la hamoniki ya nne lilipo. Pikapu haijafa. Imeketi juu ya fundo.

Jaribio hili nalifanya kwa kila gitaa linaloingia mlangoni. Linanionyesha kwa sikio tundu liko wapi hata kabla sijatoa rula.

"Pikapu ya shingoni inavuma, noti hazichambuliki"

Kwanza kubali kwamba pikapu ya shingoni kazi yake ni kuwa nene. Kwa vipimo nilivyotaja, noti msingi ya uzi ulio wazi inaonekana hapo kwa ukubwa wa takriban mara tatu na nusu kuliko inavyoonekana darajani. Mpiga ridhim anayecharaza kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, za nyuzi nne au tano kwa pikapu hiyo, na besi iko nyuma yake, atajaza uji ukumbi mzima. Hakuna sumaku mpya itakayofuta hilo, kwa sababu linatoka kwenye tundu.

Unachoweza kufanya ni kuishusha pikapu, hasa upande wa E nene, uzi mnene kuliko wote. Legeza skrubu ya upande huo nusu mzunguko, piga, sikiliza, rudia. Upande wa E nyembamba uache ulipo. Watu wengi hawaamini jinsi pikapu ya shingoni inavyofunguka ikishuka milimita moja tu. Sauti inapungua, ndiyo, lakini kuongeza sauti ni kazi ya amplifaya.

Jambo la pili ni mkono wa kupigia. Sheria ya mafundo inafanya kazi na hapa: ukiupiga uzi kwenye fundo la hamoniki fulani, hamoniki hiyo haiamki. Anayecharaza juu ya pikapu ya shingoni anaiua hamoniki ileile ambayo pikapu tayari haiisikii. Sogeza mkono sentimita nne kuelekea darajani, utasikia noti zinatengana.

Je, uvumi uko kwenye freti fulani tu? Hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Ukibana freti ya 12, uzi unaotikisika unabaki na milimita 324, na ile pikapu ya milimita 162 sasa iko katikati kabisa. Katikati ya uzi kuna fundo la hamoniki zote za namba shufwa, ya pili, ya nne, ya sita. Zote zinatoweka, na sauti inakuwa ya mviringo na yenye uwazi ndani, kama filimbi. Ukibana freti ya 5, pikapu inaangukia kwenye theluthi, na hamoniki ya tatu ndiyo inayokosekana. Maana yake sauti ya pikapu ileile inabadilika kadiri kidole kinavyopanda shingo, na ndivyo ilivyo hata kwa gitaa la bei mbaya. Kwa hiyo yule anayekuambia kwamba pikapu ya shingoni lazima ikae pale ambapo freti ya 24 ingekuwa, kwa kuwa pana hamoniki tamu, anazungumzia uzi ulio wazi peke yake. Ukishabana freti ya kwanza tu, mafundo yote yamehama.

Hilo linajibu na swali la wanaonunua gitaa la freti 24 kisha wakalalamika kwamba pikapu ya shingoni haina unene. Freti ya 24 inakaa palepale kwenye robo ya uzi, pikapu ikabidi isukumwe nyuma kuelekea darajani. Ni tundu. Usiikabe kwa skrubu.

"Pikapu ya darajani inakwaruza masikio"

Hili ndilo lalamiko kubwa, na ndipo pembe inapoingia. Ukitazama Stratocaster kwa juu, pikapu mbili zimekaa wima na ile ya darajani imelazwa kimshazari, kama digrii 10, E nene ikiwa mbali zaidi na daraja na E nyembamba ikiwa karibu zaidi. Kwa hiyo sumaku ya E nene iko kama milimita 46 kutoka darajani, na ya E nyembamba kama 36. Mshazari huu unaupa uzi mnene unene zaidi kidogo na kuunoa uzi mwembamba.

Milimita 10 zinaonekana kitu kidogo, lakini karibu na daraja si kidogo. Ukihamisha mahali pa kusikilizia kutoka milimita 36 hadi 46, noti msingi inaongezeka kwa zaidi kidogo ya robo. Fanya uhamisho uleule shingoni, kutoka 157 hadi 167, na ongezeko ni kama asilimia 5 tu, kitu ambacho sikio halitakisikia ukumbini. Ndiyo maana kulaza pikapu kimshazari kuna maana darajani, na shingoni ni urembo. Ukimwona fundi anataka kukuchimbia tundu la mshazari shingoni "ili kuboresha toni", mwambie asubiri.

Kwa anayekwaruzwa, mpangilio wangu ni huu. Anza kwa kushusha upande wa E nyembamba robo mzunguko kwa robo mzunguko, na kupandisha kidogo upande wa E nene, mpaka nyuzi tatu nyembamba ziache kuchoma. Kisha angalia kama nobu ya toni imeunganishwa na pikapu hiyo, kwa sababu kwenye Stratocaster za mtindo wa zamani nobu mbili za toni zinahudumia shingoni na kati, na pikapu ya darajani haina toni kabisa. Unazungusha nobu, hakuna kinachotokea, unadhani ni mbovu. Waya mmoja mfupi kutoka kwenye swichi hadi kwenye nobu ya toni unamaliza kero ya miaka. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo lehemu yenye faida kuliko zote unazoweza kufanya kwenye gitaa hili.

Wapigaji wa mkono wa kushoto wana hali yao, na inanigusa kwa sababu magitaa yao huku kwetu ni adimu, wanageuza ya mkono wa kulia. Mpiga gitaa Jimi Hendrix alifanya hivyo, akabadilisha nyuzi ili E nene iwe juu kama kawaida. Matokeo yake mshazari ukageuka: nyuzi nene zikasikilizwa karibu na daraja, zikawa kavu na zenye mkazo, na nyuzi nyembamba zikasikilizwa mbali, zikapata mwili. Kama umegeuza gitaa na kubadilisha nyuzi hivyo, na E nene inaonekana kavu, hiyo ndiyo sababu; inua upande wake kidogo. Lakini kama umegeuza gitaa bila kubadilisha nyuzi, kila uzi bado uko juu ya sumaku yake ya awali, usitafute chanzo kwenye mshazari.

"Gitaa halishiki tyuni, noti zinayumba huko juu"

Nakaa hapa kwa muda, kwa sababu hili limewafanya watu wauze magitaa mazuri.

Dalili zake: nyuzi zikiwa wazi, tyuna (kifaa cha kupimia noti) inasema sawa. Panda na nyuzi nene hadi freti ya 12 na kuendelea, noti inaanza kuyumba yenyewe, wawa, wawa, kana kwamba kuna nyuzi mbili zinazokaribiana bila kukutana. Tyuna inatangatanga. Unarekebisha urefu wa uzi darajani mpaka unachoka na haikai. Wapiga solo wanaoishi huko juu ya shingo wanalipata zaidi kuliko wapiga ridhim.

Chanzo ni sumaku kuuvuta uzi. Kwenye pikapu za koili moja (msokoto mmoja wa waya) za mtindo wa Fender, zile fimbo sita unazoziona ni sumaku zenyewe, zina nguvu, na zikiwa karibu mno zinaushika uzi. Mtikisiko wa juu na chini unaguswa na mvuto huo tofauti na mtikisiko wa kando kwa kando, uzi mmoja ukawa na mwendo wa aina mbili usiolingana. Ndio ule uyumbaji. Pikapu ya shingoni ndiyo mkosaji wa kwanza, kwa sababu hapo uzi unapepea sana, na ukibana freti za juu unashuka na kuisogelea sumaku.

Kuthibitisha ni rahisi. Shusha pikapu zote tatu mpaka karibu zilingane na bamba la plastiki. Piga tena palepale ulipokuwa unasikia uyumbaji. Ukitoweka, umempata mwizi. Usipotoweka, tatizo ni freti, nyuzi zilizochakaa au daraja, na pikapu hazihusiki.

Kisha zipandishe kwa kipimo. Bana uzi kwenye freti ya mwisho kabisa, pima kutoka chini ya uzi hadi kichwa cha sumaku. Kwa koili moja za mtindo wa zamani, Fender wanapendekeza kuanzia milimita 2.4 kwa E nene na milimita 2 kwa E nyembamba. Kwa hambaka, yaani pikapu ya koili mbili, milimita 1.6 pande zote mbili. Hambaka inaruhusiwa kukaribia kwa kuwa sumaku yake iko chini, na vichwa vinavyoonekana ni chuma tu, mvuto wake ni mpole. Hapo ni mwanzo, si amri. Mimi huishia chini zaidi kwenye pikapu ya shingoni, karibu kila mara.

Utakuta magitaa ya dukani yamepandishwa mno ili yapige kwa nguvu mteja akiyajaribu. Nguvu hiyo inalipiwa kwa tyuni.

"Uzi wa tatu unapiga kelele kuliko wenzake"

Tazama vichwa vya sumaku. Vikiwa havilingani kimo, kimoja juu kingine chini, na cha G kimesimama juu kuliko jirani zake, una pikapu ya mpangilio wa miaka ya 1950, wakati uzi wa G ulikuwa wa kuviringishiwa waya na hivyo ulihitaji kusaidiwa. Leo wengi tunafunga G ya waya mtupu, yenye sauti kubwa kwa asili, juu ya sumaku iliyoinuliwa. Lazima ipige kelele, na B pembeni yake ifichame.

Hapa nakuonya kwa dhati: usizisukume fimbo hizo kwa bisibisi. Kwenye pikapu za namna hii waya wa koili umeviringishwa moja kwa moja juu ya sumaku, nao ni mwembamba kuliko unywele. Ukisukuma fimbo, waya unakatika, na hapo ndipo pikapu inakufa kweli. Shusha pikapu nzima kidogo, au badilisha seti ya nyuzi. Kwenye hambaka yenye skrubu sita, zungusha skrubu bila woga, ndiyo kazi yake.

Kama uzi unaolalamikiwa ni dhaifu, hasa mmojawapo wa zile za pembeni, angalia kama unapita juu ya kichwa cha sumaku au pembeni yake. Hambaka za mpangilio wa kampuni ya Gibson zina vichwa vilivyobanana kuliko nyuzi za daraja la Fender. Mpiga gitaa Eddie Van Halen alipoweka hambaka ya Gibson kwenye bodi ya umbo la Stratocaster, aliilaza kimshazari, na kwa kulala hivyo vichwa vikapita chini ya nyuzi. Mara nyingine inatosha kulegeza skrubu za shingo, kuivuta shingo upande mmoja kwa upole na kukaza.

"Moja moja ni nzuri, mbili pamoja ni kama redio ya simu"

Ukiwasha pikapu mbili na besi yote ikatoweka, sauti ikabaki nyembamba yenye pua, huku kila moja peke yake ni nzima, basi zinapingana: moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Hutokea sana baada ya kubadilisha pikapu moja na kuchanganya watengenezaji. Ponya kwa kubadilishana nyaya mbili za pikapu moja, ya moto iende ardhini na ya ardhini iende kwenye moto. Kama pikapu hiyo ina kifuniko cha chuma kilichounganishwa na waya wa ardhini, kitenge kwanza na ukipe waya wake, ama sivyo kila ukikigusa kitalia.

Lakini usiichanganye hali hiyo na ile sauti nyororo yenye kidoko inayopatikana kwenye nafasi ya pili na ya nne ya swichi. Pale pikapu mbili zinakubaliana. Zinasikiliza uzi sehemu mbili tofauti, na baadhi ya hamoniki zinafutana. Wapigaji waliipata kwa kuibana swichi ya nafasi tatu katikati, na Fender wakaweka swichi ya nafasi tano mwaka 1977. Ikiwa kwako haitoki vizuri, zisawazishe pikapu mbili kwa kimo. Moja ikiizidi nyingine sana, hazifutani tena, unasikia ile yenye nguvu tu.

Mlio wa umeme

Pikapu za koili moja zinaokota mlio wa nyaya za umeme. Kaa mahali pamoja, geuka polepole mzunguko mzima ukiwa na gitaa. Mlio utapanda na kushuka, kwa kuwa koili inaokota zaidi ikiielekea transfoma ya amplifaya. Tafuta pembe ya ukimya ukapige kutoka hapo. Ikiwa mlio hauguswi na kugeuka, kagua waya wa ardhini.

"Hambaka haina makali wala unene"

Iangalie kwa ubavu, jicho likiwa usawa wa nyuzi. Hambaka hushikwa na skrubu mbili tu, moja kila upande, kwa hiyo inaweza kuinama mbele au nyuma kama ubao wa bembea. Koili moja inakaribia nyuzi, nyingine inazama. Hambaka ni koili mbili zilizowekwa kufuta mlio na kujumlisha sauti. Moja ikizama, unapoteza sehemu ya sauti na ladha inaegemea koili iliyo juu. Magitaa ambayo shingo imefungwa kwa kuinamia nyuma yanapata hili zaidi, kwa kuwa nyuzi zinapanda kuelekea darajani huku pikapu ikikaa bapa.

Kuna fremu za plastiki zilizokatwa kimteremko kwa ajili hiyo. Kama huzipati, kata kipande cha sponji ngumu, kiweke chini ya upande uliozama, kaza skrubu mpaka uso wa pikapu uwe sambamba na nyuzi. Kisha piga uzi wa B kwenye freti ya 15, uvute hadi noti ya juu yake, na usikilize kama inabaki na mwili wake njia nzima.